Daftari la Mbodze

Mvua ya Gongoni haikubisha hodi.
Ilinyesha siku nne na usiku wake,
na chumvi tuliyoichota tangu Januari,
marundo themanini na matatu, meupe kama meno ya mtoto,
ikarudi ilikotoka bila kuaga.
Tulisimama kwenye tuta, watu arubaini na mmoja,
tukitazama mshahara wetu ukigeuka maji.

Sisi hulipwa kwa tani.
Tani ya maji haina bei.

Kahindi akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini,
na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Nilimngoja nyapara aje na maneno.
Manyapara wote niliowajua walikuwa na maneno:
subira, Mungu yupo, baada ya dhiki faraja,
maneno ya kupaka juu ya kidonda
yakitoka kwa mtu mwenye viatu vikavu.

Mbodze wa Charo alikuja pekupeku,
leso kaifunga kiunoni, matope hadi magotini;
alikuwa kesha yazunguka mabwawa yote peke yake,
aijue hasara kwa macho yake, asiambiwe.
Tukamuuliza: Tutalipwa?
Akasema: Sijui.
Tukamuuliza: Kazi ipo?
Akasema: Wiki hii ipo ya kuzibua mifereji. Wiki ijayo sijui.
Ijumaa nitawaambia nitakalokuwa nimelijua,
hata likiwa baya.

Ajabu, ile "sijui" ilitutuliza,
kama mtu apapasaye gizani akagusa ukuta.

Kisha akafungua daftari.
Si lile la tani. Lingine, la jalada la buluu, pembe zimelowa.
Akaita majina, na kila jina akaliuliza swali moja:
Nyumbani kwako kuna nini?
Sidi, mimba ya miezi saba: asishike chepe.
Katana, paa limekwenda na maji: watu watatu, leo jioni.
Kahindi (hapo alinyamaza kidogo):
Kahindi atakaa nami kwenye pampu.
Mimi nikasema, Hakuna neno.
Akaniangalia. Akaandika kitu. Sikukiona.

Magharibi mama akaletewa unga, kilo tatu,
na mletaji hakusema umetoka kwa nani.

Ofisini walidai karani hayupo.
Akakaa benchini tangu asubuhi hadi alasiri,
hakupiga kelele, hakuondoka.
Karani akapatikana.
Tukapewa nusu ya malipo, ya kukatwa baadaye,
na dukani kwa Bawazir akatia sahihi yeye:
deni la watu arubaini na mmoja, jina moja chini.

Sisemi alikuwa chuma.
Siku ya tisa nilimwona nyuma ya pampu,
kaufunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika.
Nikarudi nyuma kimyakimya, nikamletea chai.
Akanywa. Akasema, Sukari haitoshi.
Tukarejea mfereji, sote wawili.

Na kila Ijumaa alikuja.
Mara mbili alikuja na habari mbaya.
Watu sita waliondoka, malipo ya siku zao mkononi,
na barua aliyomwandikia kila mmoja kwa hati yake,
inayosema mtu huyu anajua nini, si alikosa nini.
Dama aliisoma yake njiani, akarudi kutuaga upya.

Siku hizi Mbodze yuko Mambrui, anafuga kuku,
goti linamsumbua, hapendi kuulizwa habari za chumvi.
Daftari la buluu alinipa mimi.
Nilipofika ukurasa wa mvua ile nikalitafuta jina langu.
Ameandika:
Anasema hakuna neno. Aulizwe tena.

Jana jioni wingu lilisimama juu ya Ngomeni.
Watu wangu ni thelathini na wanne.
Nimevua viatu.